Fahali Wawili Tangi Moja: Somo Kuhusu Ugomvi wa Samaki Wadogo

Kama ulisomea shule ya msingi hapa kwetu Kenya, bila shaka uliwahi kuitungia insha methali isemayo, "Fahali wawili hawakai zizi moja." Kisa chenyewe tunakijua sote. Kuna wazee wawili wanaogombea uongozi wa kijiji, wanashtakiana, wanarogana, na mwishowe mmoja anafunganya virago na kuhama. Mtahini anatia alama zake na mambo yanaishia hapo. Mimi sina ugomvi na methali hii. Ninachotaka ni kuitia majini, nione kama itaelea.

Nimekuwa nikisoma habari za samaki wadogo wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, na kuwatazama wale wanaofugwa katika matangi ya kioo. Nimeona jambo ambalo insha zetu hazikulitaja. Kwa samaki hawa, methali yetu ni kweli tupu fahali wakiwa wawili. Wakiwa kumi na wawili mambo hubadilika. Na wakiwa wawili lakini wa rangi mbalimbali, huenda wakakaa zizi moja bila hata kutazamana kwa jicho la pembe.

Huenda ukauliza, haya yamefikaje katika jarida la Chama cha Kiswahili? Yamefika kwa njia ya maabara ya Biolojia. Humo mna tangi la kioo lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kimo cha sm 30. Ukizidisha utapata lita 54, na ukiondoa nafasi ya mawe na changarawe zinapungua. Mwaka huu vyama vyote vya shule, chetu kikiwamo, vimeombwa vipendekeze samaki watakaowekwa humo. Nimeyasoma mapendekezo ubaoni. Mengi yanasema, "Leteni mmoja wa kila aina, lipendeze." Hata mwuza samaki mmoja alitwambia ati samaki ni samaki, watazoeana tu.

Hawakuzoeana. Fulu wawili madume walioletwa muhula uliopita walikaa pamoja siku nne. Siku ya tano mmoja alikutwa akielea, mapezi yamechanika kama bendera kuukuu, magamba ya ubavuni yamebanduka. Mwenzake alikuwa akizunguka tangi zima kama askari wa zamu. Baadhi yetu walimwita muuaji, na ubaoni kuna karatasi isemayo atupwe mtoni. Karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: njaa na ugomvi. Mbuta wa Ziwa Victoria humeza fulu, lakini hana chuki naye, kama wewe usivyokuwa na chuki na omena wa chajio. Vilevile kuna samaki wa Amazon mwenye mapezi marefu kama mbawa, ambaye wafugaji humwita samaki malaika. Ukimweka pamoja na tetra neoni, wale wadogo wenye mstari wa buluu ung'aao, malaika akishakua atawala mmoja mmoja. Hapo hapana ugomvi wowote, ni chakula. Dawa yake ni rahisi: mwenye kuenea mdomoni mwa mwenzake asikae naye. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyeandika kitabu kizima juu ya ukali wa wanyama mwaka wa 1963, aliutenga uwindaji kando kabisa. Ukali aliouzungumzia yeye ni ule wa mnyama kwa mnyama wa aina yake mwenyewe. Huo ndio uliomwua fulu wetu, na huo hauna dawa rahisi hivyo.

Basi samaki hupigania nini? Mara nyingi ni mahali. Dume hutaka jiwe lake, shimo lake au kichaka chake cha majani, kwa sababu jike hamfuati dume asiye na makao. (Wavulana wenzangu, nawaomba msicheke.) Katika miaka ya 1930, Mholanzi Niko Tinbergen aliwafuga, katika matangi ya Chuo Kikuu cha Leiden, samaki wadogo wa Ulaya wenye miiba mitatu mgongoni. Wakati wa kuzaa, dume wa samaki hawa huwa mwekundu tumboni, hujenga kiota na kukilinda kwa ukali. Tinbergen alimwonyesha dume vinyago. Kimoja kilifanana na samaki barabara lakini hakikuwa na wekundu. Vingine vilikuwa vibaya, havikufanana na samaki wa aina yoyote, ila sehemu ya chini vilipakwa rangi nyekundu. Dume alivishambulia hivyo vibaya vyekundu zaidi ya kile kizuri. Tinbergen alisimulia pia jinsi madume walivyokurupuka ndani ya matangi yaliyokuwa dirishani kila gari jekundu la posta lilipopita nje. Hebu fikiria, samaki mdogo kuliko kidole chako anataka kupigana na gari la posta! Waliorudia majaribio ya vinyago miaka ya baadaye hawakupata jibu lilelile kila mara, lakini wazo lenyewe limedumu, na mwaka wa 1973 Tinbergen, Lorenz na Karl von Frisch walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya mienendo ya wanyama.

Wazo ni hili. Samaki humtambua mpinzani kwa alama. Mwenye alama kama zake ndiye anayetaka jiwe lilelile, chakula kilekile na majike walewale. Mwenye alama nyingine huenda hataki hata kimoja katika hivyo, kwa hiyo wa nini kujichosha? Sisi husema ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Kwa dume wa fulu, mwenye mbawa kama zake ndiye wa kufukuzwa kwanza.

Sasa twende Ziwa Victoria, na hapa wapenzi wa Kiswahili mkae vizuri vitini. Fulu, kama Wajaluo wanavyowaita (ng'ambo ya Tanzania husema furu), ni samaki wadogo wa jamaa ya siklidi, jamaa ileile ya ngege. Katika ziwa hilo moja kulikuwa na spishi zaidi ya 500 za fulu, nyingi zikiwa hazipatikani kwingineko duniani. Mwaka wa 1998 wataalamu walilipa kundi moja la fulu hao jina la kisayansi Pundamilia. Naam, ni punda milia wetu huyuhuyu, kwa ajili ya milia ya ubavuni. Lugha yetu imeingia katika vitabu vya sayansi vya ulimwengu mzima bila kubisha hodi. Mmoja wao anaitwa Pundamilia pundamilia, na mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka wa 1985.

Hawa wawili ni ndugu wa karibu sana. Majike wao wamefifia rangi na hufanana mno. Madume ndio wanaotofautiana: nyererei ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, pundamilia ni wa buluu ya kijivujivu. Huishi katika miamba ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza, wa buluu wakipenda juu penye maji mafupi na wekundu wakienda chini zaidi. Kila dume aliyefanikiwa ana ufa wake wa mwamba.

Ole Seehausen na wenzake waliowachunguza samaki hao waliona kwamba aghalabu dume humshambulia zaidi dume wa rangi yake kuliko wa rangi nyingine. Walipotazama nani amepakana na nani miambani, wakakuta kwamba mara nyingi majirani ni wa rangi tofauti. Matokeo yake ni ya ajabu. Ukiwa dume wa rangi ambayo wengi hawana, wenye miamba hawakusumbui sana, nawe unajipatia kiwanja kwa wepesi. Ugomvi wenyewe, tunaouona kama uharibifu, unaipa rangi ngeni nafasi ya kuishi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote niliyosoma katika habari hizi, na nililisoma mara mbili kabla ya kuliamini.

Mtaalamu mwingine, Peter Dijkstra, aliwapambanisha dume mwekundu na wa buluu wenye maumbo yanayolingana. Katika mwanga mweupe wekundu walishinda mara nyingi zaidi. Alipotumia mwanga wa kijani, ambao ndani yake wekundu hauonekani sawasawa, ubora wao ukapungua. Kumbe ile rangi yenyewe ni silaha, inamtisha mpinzani kabla ya pigo la kwanza.

Lakini silaha ya rangi inahitaji maji maangavu. Mwaka wa 1997 Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba mahali ambapo maji ya ziwa yamechafuka kwa mbolea na udongo unaotoka mashambani, fulu wamefifia rangi na spishi zinazoishi pamoja ni chache. Jike humchagua dume kwa rangi. Asipoiona, anazaa na yeyote, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja. Tena kabla ya hapo mbuta alikwisha fanya kazi yake. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, na fulu wakaporomoka. Wataalamu hutaja spishi zipatazo 200 zilizopotea. Mwenye karatasi ile ya "atupwe mtoni" ningependa ayasome haya mara mbili. Mto wetu hauendi Ziwa Victoria na haujawahi kuwa na fulu. Kumtia samaki mgeni katika maji yasiyo yake ndivyo kisa cha mbuta kilivyoanza.

Turudi kwenye mapigano. Je, samaki hawana njia ya kumaliza ugomvi bila kuuana? Wanayo, tena nzuri. Katika Ziwa Tanganyika kuna binamu wa fulu aitwaye Astatotilapia burtoni. Dume mbabe wa aina hii huwa wa buluu au manjano, na ana mstari mweusi unaoteremka kutoka jichoni. Madume walioshindwa hufifia hata ukadhani ni majike. Kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Russell Fernald na wanafunzi wake walimwondoa mbabe gizani usiku. Taa zilipowashwa, yule aliyekuwa chini yake alitambua kwamba kiti ki wazi, na kwa muda wa dakika chache tu akavaa rangi na kuanza kuwafukuza wenzake. Siku chache baadaye hata korodani zake zilikuwa zikikua. (Nawajua manaibu wa viranja wa namna hiyo, lakini tuyaache.)

Mwaka wa 2007 kikundi hichohicho kilichapisha jaribio lingine katika jarida la Nature. Dume mmoja aliwekwa mahali pa kutazama tu, akaona madume watano wakipigana wawili wawili: A akamshinda B, B akamshinda C, C akamshinda D, naye D akamshinda E. Hakuwahi kumwona B akipigana na D. Kisha akawekwa katikati, B upande huu na D upande ule. Mtazamaji alipendelea kukaa upande wa D, yule dhaifu. Yaani alikwisha piga hesabu kichwani kwamba B ni mkali zaidi. Sijui kama ningeweza kufanya hivyo katika mtihani wa Hisabati bila karatasi ya kuchorachora.

Kwa hiyo samaki wana vyeo, wanavijua, na aliyeshindwa ana namna ya kusema "yamekwisha, mkubwa". Anafifia, anakunja mapezi, anakwenda zake. Msomaji, tia mkazo hapo penye kwenda zake. Ziwani aliyeshindwa huogelea mita mbili tatu, akapita nyuma ya mwamba, na shauri limekwisha. Katika tangi la sm 60 aende wapi? Anakunja mapezi na kujibanza pembeni, lakini mbabe akigeuka anamwona bado yupo. Kwa akili ya mbabe, aliyebaki amekataa kuondoka. Anampiga tena. Na tena. Hivyo ndivyo fulu wetu alivyokufa, na ukiniuliza aliyemwua nitakuonyesha kioo.

Mfano unaojulikana zaidi ni samaki mpiganaji wa Siam, yaani Thailand, ambaye kisayansi ni Betta splendens. Watu wa huko wamemzalisha kwa ajili ya mapigano na kamari kwa karne nyingi, na mwaka wa 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Dume akimwona mwenziwe hutanua vifuniko vya matamvua hadi kichwa kionekane mara mbili ya ukubwa wake. Hufanya hivyo hata mbele ya kioo cha kujitazamia. Katika mashamba ya mpunga na vinamasi, mapigano yao huwa mafupi, kwa sababu mmoja hukimbia. Katika chupa hupigana mpaka mmoja aharibike. Huyu hukaa peke yake, hapana mjadala. Wanaosema ni mpweke wanamwonea huruma asiyoiomba.

Nilisema kwamba fahali kumi na wawili si sawa na fahali wawili. Hapa tunakwenda Ziwa Malawi, kwa samaki wa miambani waitwao mbuna. Jina hilo ni la wavuvi wa kandokando ya ziwa hilo, na siku hizi wafugaji wa Ulaya na Marekani nao hulitumia. Mbuna ni wadogo, wengi wao sm 8 hadi 12, wana rangi za kuvutia, na ukali wao si mchezo. Mmoja aitwaye Melanochromis auratus anajulikana sana kwa hilo. Jike wake ni wa manjano mwenye milia myeusi. Dume akipata cheo hugeuka mweusi mwenye milia myeupe, na hapo kila aliye karibu hukiona cha mtema kuni.

Wafugaji waligundua kwamba mbuna wawili au watatu katika tangi ni maafa, ilhali ishirini katika tangi kubwa huishi miaka. Sababu ni hesabu tu. Mbabe mwenye mpinzani mmoja humpa huyo mmoja mapigo yote. Tuseme ni mapigo 100 kwa siku: mpinzani atakufa. Wapinzani wakiwa 20, kila mmoja anapata 5, anajikuna na kuendelea na shughuli zake. Fauka ya hayo, mbabe akimfukuza huyu, yule anaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Kulinda kunakuwa gharama isiyolipa, naye anapunguza mipaka yake. Na ndani ya umati ni vigumu hata kumkumbuka aliyemkasirisha dakika moja iliyopita.

Sasa usikimbie kuwajaza samaki tangini kwa sababu umesoma hapa kwamba wingi ni dawa. Samaki wengi wana kinyesi kingi, na kinyesi huzaa amonia, ambayo ni sumu kwao. Tangi la namna hiyo hutaka kichujio chenye nguvu, na maji yabadilishwe kiasi cha robo au theluthi kila wiki. Hutaka pia pampu ya hewa isiyolala. Umeme ukikatika Ijumaa jioni na maabara imefungwa hadi Jumatatu, umati ndio utakaotangulia kukosa hewa. Nadhani sote tunaijua tabia ya umeme wetu. Kwa shule kama hii, ujanja wa mbuna haufai. Ni ujanja wa mtu mwenye tangi la lita 300 na jenereta.

Kuna wengine ambao wingi ni dawa kwao kwa namna nyingine. Yupo samaki mdogo kutoka Sumatra mwenye mistari minne myeusi, wa jamaa ya barbi. Akiwa mmoja au wawili, hukosa la kufanya, akaanza kuwauma wengine mapezi, hasa wapole wenye mapezi marefu kama samaki malaika. Wakiwa sita au zaidi hukimbizana wao kwa wao mchana kutwa na hawamdhuru mtu. Wanafanana na darasa lisilo na mwalimu: lishughulishe, au litatafuta shughuli. Gapi naye, yule tunayemtumia kula viluwiluwi vya mbu katika madimbwi, hana ugomvi mkubwa, lakini dume wake hamwachi jike apumue. Kwa hiyo kila dume mmoja apewe majike wawili au watatu ili usumbufu ugawanyike.

Aidha kuna samaki ambao ukali wao ni wa ukoo mzima. Neolamprologus brichardi wa Ziwa Tanganyika huzaa, na watoto wakubwa hawaondoki. Hukaa nyumbani wakiwalinda wadogo zao. Ni jambo la kupendeza kulitazama, hadi utambue kwamba familia inapanuka na samaki wengine wote wamesukumwa katika pembe moja ya tangi. Nikiona hivyo huwakumbuka baadhi ya majirani wa shambani kwetu wanaosogeza ua kidogo kidogo kila msimu.

Ukiwa na samaki wakali na hutaki kuwagawa, ziko mbinu ambazo wafugaji wamezithibitisha. Mawe na vyungu vilivyovunjika vipangwe hadi juu, vikate macho, kwa maana asiyeonekana hapigwi. Mgeni akiingizwa, mawe yote yapangwe upya siku hiyohiyo. Wenyeji wakishapoteza mipaka yao huanza sawa na mgeni. Mpole aingie kwanza, mkali aingie mwisho. Mbabe akizidi, atolewe siku kadhaa akae chombo kingine, na akirudi atakuta cheo kimechukuliwa. Na ikiwa samaki anapigana na kivuli chake kiooni, bandika karatasi nyeusi kwa nje, atatulia.

Pendekezo langu kwa tangi la maabara ni gapi peke yao, madume watatu na majike wanane, pamoja na majani mengi ya majini. Najua wengi mtasema gapi ni wa mtaroni, hawana fahari. Lakini hawatauana, umeme ukipotea siku mbili watavumilia kuliko wengi, na dume wa gapi mwenye mkia wa rangi hana haja ya kumwonea haya samaki yeyote wa dukani. Maji ya mfereji yakae wazi siku nzima kabla ya kutiwa, klorini itoke.

Na fulu wetu? Asitupwe, wala asirudishwe katika lita 54 pamoja na dume mwingine. Nyuma ya bustani ya Kilimo kuna hodhi la saruji ambalo halitumiki, lenye urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na nusu, jua linalifikia, na mwalimu amekubali lisafishwe. Tukiweka mawe makubwa na kuyarundika mafungu matano au sita, kila fungu litakuwa ufa wa mtu. Waletwe majike sita, waingie wiki moja kabla yake. Madume wengine wakipatikana baadaye, wawe wanne au watano kwa pamoja, kamwe asiletwe mmoja. Majike wakipata mayai watayabeba mdomoni wiki mbili hadi tatu bila kula, na siku hizo wasivuliwe wala kushikwashikwa. Watoto wa gapi watakaozidi maabarani wataishia huko hodhini kuwa chakula cha fulu, na aliyesoma makala haya kwa makini atajua kwamba huo hautakuwa ugomvi.

Mawe yako kando ya uwanja wa mpira wa wavu, ni mazito kidogo. Tutayabeba Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, saa nne asubuhi. Mwenye ndoo aje nayo.